Kamera Imeona, Nani Atainuka? Uchambuzi wa kamera za ulinzi wa nyumba zisizo na waya

Zamani kamera ya ulinzi ilikuwa mali ya benki, hoteli na ubalozi. Leo inauzwa Kariakoo na Luthuli Avenue pamoja na chaja za simu na taa za sola, na mpangaji wa chumba na sebule anaweza kuinunua asubuhi na jioni akawa anauona mlango wake kwenye simu akiwa bado kazini. Zipo zenye umbo la balbu, zinazopachikwa kwenye holda ya taa. Zipo zenye paneli ya sola na laini ya simu ndani yake, ambazo ndugu zetu walioko Muscat au Minneapolis hufungiwa kiwanjani Kigamboni au Kitengela ili wafuatilie mifuko ya saruji na mwendo wa mafundi.

Haya ni mabadiliko ya kushukuru. Mtu wa kipato cha kawaida amepata kitu ambacho zamani kilihitaji kampuni ya ulinzi na mkataba wa mwaka. Lakini wepesi wa kuifunga umefanya watu wengi waruke swali linalotakiwa kutangulia. Mnunuzi huuliza kamera ina megapikseli ngapi na inazunguka nyuzi ngapi. Ni wachache wanaouliza: ikishaona, nani atajua, atajua saa ngapi, na atafanya nini? Msimamo wa makala haya ni kwamba kamera ya nyumbani hupimwa kwa kinachofuata baada ya picha. Lenzi, mawimbi, umeme, hifadhi na nywila ni mambo ya lazima, na tutayapitia yote, lakini yote yanatumikia swali hilo.

Wazo lilianza na kitufe

Anayetajwa sana katika historia ya ulinzi wa nyumba kwa kamera ni Marie Van Brittan Brown, muuguzi mweusi wa Queens, New York. Yeye na mumewe Albert, fundi wa elektroniki, walikuwa na zamu zisizolingana, hivyo mara nyingi alikuwa nyumbani peke yake usiku, katika mtaa ambao polisi walichelewa kufika hata wakiitwa. Mwaka 1966 waliomba hataza ya mfumo wao, wakapewa Desemba 1969. Mlangoni palikuwa na matundu ya kimo tofauti, na kamera ilipanda na kushuka nyuma yake kulingana na urefu wa mgeni. Picha ilionekana kwenye televisheni ndani. Palikuwa pia na njia ya kuzungumza na aliye nje, swichi ya kufungua mlango kwa mbali, na kitufe cha kuita msaada.

Tuuangalie mpangilio huo kwa makini. Brown hakutaka kuona tu. Aliona ili aamue: kufungua, kuzungumza, au kubonyeza. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ilipoanza kuuza kamera inayounganishwa moja kwa moja kwenye mtandao, sehemu ya kuona ilianza safari ya kuwa rahisi na ndogo, hadi leo inatosha kiganjani. Sehemu ya kuita msaada imebaki kazi ya mnunuzi mwenyewe, na wengi huisahau.

Utafiti nao unaelekea huko. Mwaka 2019 Eric Piza, Brandon Welsh, David Farrington na Amanda Thomas walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za maeneo ya umma. Walikuta uhalifu umepungua kwa takribani asilimia 13 penye kamera, ukilinganisha na pasipo nazo. Punguzo kubwa zaidi lilikuwa kwenye maegesho ya magari, na kwenye makazi pia lilionekana. Kamera zilizokuwa na mtu anayezitazama zilifanya vizuri kuliko zinazorekodi tu, na zilizoambatana na hatua nyingine zilizishinda zilizoachwa peke yake. Nyingi ya tafiti hizo ni za Ulaya na Marekani, kwa hiyo asilimia 13 haiwezi kuhamishiwa Mbagala au Kayole kama ilivyo. Mwelekeo wake, hata hivyo, unaeleweka popote: mwizi anayejua kwamba hakuna anayetazama hana sababu kubwa ya kuogopa kamera.

Jicho lina mpaka wake

Kamera nyingi za nyumbani huja na lenzi ya milimita 2.8, inayoona upana wa karibu nyuzi 100. Muuzaji husifu upana huo, kwa kuwa uwanja mzima unaenea kwenye kioo kimoja cha simu. Gharama yake huonekana pale unapotaka kutambua uso.

Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014 kilipendekeza pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha ili mtu usiyemfahamu aweze kutambulika. Kwa kumtambua unayemjua tayari, 125 zinatosha. Kwa kujua tu kwamba kuna mtu, 25. Sasa tufanye hesabu. Picha ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Lenzi ya nyuzi 100, kwa umbali wa mita 3, huona upana wa mita 7 na kitu. Pikseli ni karibu 270 kwa mita, na uso unatambulika. Kwa umbali wa mita 6 upana unakuwa zaidi ya mita 14, pikseli zinashuka hadi 134 hivi, na uso wote unapata pikseli ishirini na kidogo. Hapo utamtambua shemeji yako. Mgeni hutamtambua. Ukinunua kamera ya megapikseli 4, yenye pikseli 2,560 kwa upana, mpaka wa kutambua sura ya mgeni unasogea kutoka mita 3 hadi mita 4 na kidogo. Umeongeza pesa ukapata mita moja.

Ndiyo maana kamera moja iliyowekwa kwenye kona ya juu ili ione uwanja wote humwonyesha mwizi vizuri huku ikishindwa kusema ni nani. Suluhisho ni kugawa kazi. Kamera moja ione eneo pana na kutoa taarifa kwamba kuna mtu. Nyingine ielekezwe mahali ambapo kila anayeingia hana budi kupita: mlango mdogo wa geti, ngazi, korido. Hiyo ya pili iwe kwenye kimo cha mita 2 na nusu hivi. Mafundi hupenda kuzifunga juu kabisa chini ya bati ili zisiibwe, na matokeo yake ni rekodi nzuri za kofia na utosi. Ikiwa unahofia itang'olewa, ifunge juu ile ya eneo pana, na ya sura uiweke ndani ya grili.

Mwanga una masharti yake. Kamera iliyoelekezwa mashariki hupofuka jua linapochomoza, na ya magharibi hupofuka jioni. Inayotazama kaskazini au kusini huwa salama zaidi. Usiku kamera hutumia taa za infraredi. Za nanomita 850 hufika mbali lakini huonyesha wekundu hafifu kwa anayezitazama. Za nanomita 940 hazionekani, ila mwanga wake ni wa umbali mfupi. Aina zote mbili hurudishwa na kioo, kwa hiyo kamera iliyowekwa dirishani kwa ndani itaona usiku mwanga wake yenyewe na si uwanja. Ukuta mweupe ulio karibu sana pembeni nao huifanya kamera ipunguze mwanga, na kilicho mbali kikabaki gizani.

Kisha kuna buibui. Kona ya chini ya paa, penye kamera, ndipo apendapo kutanda, hasa kama kuna taa nyeupe inayoleta wadudu. Usiku uzi mmoja wa utando ulio sentimita chache mbele ya lenzi humulikwa na infraredi ukaonekana mnene kama kamba nyeupe inayokata picha nzima. Upepo ukivuma, kamba hiyo inacheza, kamera inasoma mwendo, na simu ya mwenye nyumba inalia saa nane usiku. Anaamka, anatazama, hakuna kitu. Usiku unaofuata hivyo hivyo. Baada ya wiki anazima taarifa zote ili apate usingizi, na kuanzia hapo kamera inarekodi tu, hali ambayo utafiti umeiona kuwa dhaifu. Tiba yake ni ndogo: ufagio laini mkavu kila mwisho wa wiki, taa nyeupe iwekwe mita mbili au zaidi kutoka kwenye kamera, na katika programu ya simu uchore eneo la kufuatilia mwendo ili mti na barabara vibaki nje, kisha uchague kutambua watu badala ya kila kinachotikisika.

Mawimbi na kuta zetu

Kazi ya kuunganisha ndiyo inayowakwamisha wengi, na sababu kubwa ni moja. Rauta za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kamera nyingi za bei ya kawaida hupokea 2.4 pekee. Rauta ikiwa imeyapa yote mawili jina moja, simu hushika la 5 na kamera hushindwa kuelewana nayo. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, yatenganishe majina, kisha unganisha simu kwenye la 2.4. Hakikisha pia rauta haijafungwa kwenye usalama wa WPA3 peke yake, kwa sababu kamera nyingi hazijaufikia. WPA2 inatosha kama nywila ni ndefu.

Anza mezani, karibu na rauta, kabla ya kutoboa ukuta. Washa kamera, fungua programu yake kwenye simu, andika nywila ya mtandao, kisha ionyeshe kamera msimbo wa mraba unaojitokeza kwenye kioo cha simu. Nyingine husikiliza mlio wa simu, na nyingine hurusha mtandao wake wa muda ambao simu hujiunga nao kwanza. Ikikataa, bonyeza kitufe cha kuirudisha mwanzo kwa sekunde kadhaa hadi itoe sauti, urudie. Ikikubali mezani, ipeleke mahali unapotaka kuifunga, uiwashe kwa eksitensheni na uiache hapo siku nzima mchana na usiku. Picha ikikatika, ujue tatizo ni mahali, na hujaharibu ukuta wa mtu.

Nyumba zetu ni ngumu kwa mawimbi. Tofali la saruji huyapunguza, zege lenye nondo huyapunguza zaidi, na bati, tangi la maji na geti la chuma huyazuia au kuyarudisha yalikotoka. Kamera iliyo nje ya geti la chuma, wakati rauta ipo chumbani nyuma ya kuta tatu, itasumbua hata iwe ya bei gani. Isogeze rauta karibu na dirisha la upande wa kamera, juu ya kabati, au ongeza kifaa cha kurudufu mawimbi katikati. Kwenye maghorofa yenye rauta nyingi, weka chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na chagua ile ambayo majirani wameitumia kidogo.

Kuna udhaifu mwingine wa kuufahamu. Mawimbi yanaweza kuvurugwa makusudi. Zipo ishara za kitaalamu zinazoweza kuilazimisha kamera iachane na rauta bila aliyezituma kujua nywila, na kamera ambayo haina kadi ndani yake haitabakiza chochote cha muda huo. Kwa geti na mlango mkuu, ukiweza kuvuta waya wa mtandao, vuta. Kutotumia waya ni faida ya fundi na ya mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa. Kwa uimara, waya bado unashinda.

Umeme, hifadhi na bando

Kamera inayoitwa haina waya mara nyingi ina waya wa umeme. Mwizi mzoefu huanzia hapo. Kwenye nyumba nyingi mita na swichi kuu vipo ukutani nje, na kuzima nyumba nzima ni kazi ya sekunde moja. Umeme ukikatika, kamera na rauta vinakufa pamoja, iwe ni kwa mgao au kwa mkono wa mtu.

UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayotengenezwa kwa ajili ya rauta hutatua sehemu kubwa ya tatizo hili. Yenye uwezo wa miliampea-saa 10,000 kwenye betri ya volti 3.7 ina nishati ya wati-saa 37. Rauta ikila wati 8 na kamera wati 5, utapata saa mbili na zaidi kidogo, baada ya kuhesabu kinachopotea njiani. Muda huo unatosha kupokea taarifa na kupiga simu. Kamera za betri na sola haziguswi na swichi ya nje, lakini ili betri idumu hulala, na huamshwa na kihisio cha joto la mwili. Kuamka kunachukua muda, hivyo anayepita haraka huweza kuonekana mgongo tu. Zifunge mahali ambapo mtu hupita akikatiza mbele ya kamera, kwa kuwa kihisio hicho kinashika mwendo wa kukatiza vizuri kuliko wa kuijia moja kwa moja. Pwani, chagua zenye kinga ya IP66 dhidi ya maji na vumbi, na skrubu za chuma kisichoshika kutu, kwani chumvi ya bahari haichagui kifaa.

Kuhusu hifadhi, hesabu ya kuibeba kichwani ni hii: picha inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde, kila saa, ni gigabaiti 10.8 kwa siku. Kwa mwezi ni gigabaiti 324. Kadi ya gigabaiti 64 itajaa katika siku sita hivi, kisha rekodi za zamani zitafutwa kupisha mpya. Kamera ikitumia megabiti 2, siku hizo ni tatu. Mfinyazo wa H.265 unaweza kupunguza ukubwa kwa karibu nusu ukilinganisha na H.264, kwa hiyo kama kamera yako inao, uchague. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo, na uipime kabla ya kuiamini, kwa sababu sokoni zipo kadi zilizoandikwa gigabaiti 128 ambazo ndani yake ni 8. Kadi ya namna hiyo hukubali kila kitu na kuhifadhi kidogo tu, na utaligundua hilo siku unayoihitaji.

Bando nalo limezungukwa na hofu isiyo na msingi pamoja na gharama iliyofichika. Kamera inayorekodi kwenye kadi yake haili bando kwa kurekodi. Inalila unapoitazama: dakika kumi za megabiti 1 ni megabaiti 75. Kinachomaliza kifurushi ni hifadhi ya mtandaoni inayopandisha kila kitu mfululizo, na mazoea ya kuacha picha imefunguliwa kwenye simu. Lakini kadi peke yake ina kasoro moja kubwa, kwamba mwizi akiondoka na kamera ameondoka na ushahidi. Njia ya kati inayowafaa wengi ni kadi kwa rekodi ya saa zote, na vipande vifupi tu vya matukio kupelekwa mtandaoni. Mwenye uwezo aweke kinasa picha ndani ya kabati linalofungwa.

Macho mengine yanayotazama

Unapotazama nyumba yako ukiwa mbali, picha mara nyingi haiji kwako moja kwa moja. Rauta na laini nyingi hazina anwani zake za wazi kwenye intaneti, hivyo kamera huwasiliana kwanza na seva ya mtengenezaji, ambayo hukukutanisha na kamera au hupitisha picha yenyewe. Kwa hiyo unamwamini mtengenezaji, wafanyakazi wake na ulinzi wa seva zake, na unaiamini pia nywila yako.

Matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba imani hiyo ina uzito. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na vinasa picha kwa kujaribu orodha ya nywila za kiwandani zisizofika mia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa zikiwemo Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Waliochangia shambulio hilo walikuwa watu wa kawaida waliofunga kamera na kuacha nywila iliyokuja nayo. Mwaka 2023 tume ya Marekani inayosimamia haki za walaji iliishtaki kampuni ya kamera ya Ring, ikidai kwamba wafanyakazi waliweza kutazama video za faragha za wateja. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024 wateja takribani 13,000 wa kampuni nyingine ya kamera, Wyze, walionyeshwa picha za kamera zisizo zao baada ya hitilafu ya mfumo.

Kwa hiyo hatua hizi zifanyike siku ile ile ya kufunga. Badilisha nywila ya kamera na usiitumie ya barua pepe yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti kuu iwe ya mwenye nyumba, kwa namba yake mwenyewe. Fundi akiisajili kwa simu yake ili kukusaidia, amebaki na ufunguo wa nyumba yako. Ruhusu programu endeshi ya kamera isasishwe. Kama rauta ina mtandao wa wageni, weka kamera huko, mbali na kompyuta za kazi. Na usiiweke kamera chumbani au karibu na bafu, kwa sababu picha isiyokuwepo haiwezi kuvuja.

Walio ndani na walio jirani

Muda mwingi kamera ya nyumbani haitazami wezi. Inamtazama dada wa kazi, watoto, wageni, wapangaji na majirani. Hapa ndipo naona pana kasoro kubwa katika matumizi yetu, na haitibiki kwa kifaa.

Dada anayeishi nyumbani mwako hana nyumba nyingine ya kwenda jioni. Sebule ndiyo ofisi yake na ndiyo mapumziko yake. Kumfichia kamera ndani ya saa ya ukutani ni kumwambia kwamba utu wake una masharti. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011 unataka mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri awe na mazingira yanayoheshimu faragha yake. Mwonyeshe kamera ilipo, mweleze inarekodi nini na nani anaona, na chumba chake kiwe nje kabisa ya jicho hilo. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mtoto ana haki ya kuweka kamera sebuleni, na kusema wazi kwamba ipo kunamlinda mtoto pia.

Vivyo hivyo kwa wapangaji. Mwenye nyumba anayefunga kamera juu ya bomba la uani, mahali ambapo wanawake wanafua na watoto wanaogeshwa, ameingia ndani ya maisha ya watu kwa kisingizio cha kulinda mali. Ustaarabu wetu wa pwani ulilijua jambo hili mapema. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa zikiwa na daka na kiingilio kilichopinda, ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kamera inayoelekezwa uani kwa jirani inavunja adabu hiyo, na mara nyingi inatosha kuigeuza kidogo au kutumia kipengele cha kuziba sehemu ya picha.

Sheria zinakuja upande huo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hizi huacha nafasi kwa matumizi binafsi ya nyumbani, lakini nafasi hiyo si pana kama watu wanavyodhani. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Desemba 2014, katika kesi kutoka Czech, kwamba kamera ya familia inayorekodi njia ya umma haiwezi kuitwa jambo la nyumbani tu. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila hoja yake ni ya busara: ukirekodi nje ya mpaka wako, umebeba wajibu kwa watu wa nje.

Picha ikishapatikana

Ikiwa tukio limetokea, thamani ya rekodi hutegemea mambo mawili: kama itaaminika, na kama itafika kwa mtu sahihi. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa na saa za China, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Wizi wa saa nane usiku unasomeka kama wa saa moja asubuhi, na wakili wa utetezi hahitaji hoja nyingine. Weka majira ya Afrika Mashariki siku ya kwanza. Tukio likitokea, toa kadi au nakili faili halisi mara moja kabla haijafutwa na rekodi mpya. Video ya kioo cha simu iliyorekodiwa kwa simu nyingine ni dhaifu. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji hati ya kuthibitisha kumbukumbu ya kielektroniki. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Andika basi nani aliinakili, lini, na imehifadhiwa wapi.

Usiisambaze picha kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na neno mwizi. Mtaani kwetu neno hilo limeua watu. Sura ya pikseli ishirini inafanana na vijana wengi, na wananchi wenye hasira hawasubiri kulinganisha. Faili iende polisi, na kwa mtaa itoshe taarifa kwamba kuna tukio.

Linabaki swali la msaada. Orodha ya watu wa kupigiwa inastahili kuandaliwa kwa uangalifu ule ule unaotumika kuchagua kamera: jirani wa ukuta kwa ukuta mwenye ufunguo wa geti, mjumbe au kiongozi wa Nyumba Kumi, mlinzi wa mtaa, kituo cha polisi cha karibu, pamoja na 112 Tanzania na 999 Kenya. Mpe angalau mmoja wao ruhusa ya kuona kamera ya nje. Ndugu aliyeko Muscat akiona mtu anaruka ukuta Kigamboni, kuona kwake kutasaidia tu kama kuna mtu Kigamboni atakayepokea simu. Fanyeni jaribio: mtu asimame getini usiku, mhesabu dakika kutoka taarifa hadi jirani kuwasha taa.

Kwa mwenye bajeti ndogo, mpangilio ninaoutetea ni huu. Kwanza kitasa kizuri na grili, pili taa ya nje, tatu makubaliano na jirani, kisha kamera moja ya 1080p iliyowekwa karibu na mahali pa kupita, ikiwa na kadi ya kweli na UPS ya rauta. Pesa ya kuongeza megapikseli iende kwenye hivyo viwili vya mwisho. Na kabla ya kulipa, andika kwenye karatasi jina la mtu atakayeinuka saa nane usiku simu ikilia. Kama jina hilo halipo, anza kwa kulitafuta. Kamera itakungoja dukani.